Kifaru kidogo kinachotembea si lazima kiwe "sahihi kimakanika"

Siku hizi kila kifaru kidogo cha vita chenye rimoti kinaitwa "sahihi kimakanika". Mtu kanunua seti, kaiunganisha, katia betri, kikatambaa sebuleni, basi, tayari ni sahihi kimakanika. Mwingine kakitengeneza chote kwa mkono kuanzia bati tupu, kazi ya kumvulia kofia kabisa, naye anatumia maneno hayohayo wakati ndani mna mota mbili tu, moja ya kushoto na moja ya kulia.

Maana yenyewe ni fupi. Modeli ya skeli ni kitu kilichopunguzwa kwa uwiano mmoja pande zote: ukisema 1:16, kila sentimita 16 za kifaru halisi zimekuwa sentimita 1. Kuijenga kuanzia sifuri ni kukata, kukereza na kuchomelea vipande mwenyewe badala ya kuvitoa kwenye boksi. Na sahihi kimakanika ni pale nguvu inapopita njia ileile inayopita kwenye kifaru halisi, kutoka injini hadi mnyororo ambao kifaru hutembelea badala ya matairi, na kila kiungo cha njiani kinafanya kazi ileile. Unaweza kuwa na viwili vya kwanza bila cha tatu. Wengi ndivyo walivyo, na si aibu.

Tumchukue Sherman, M4 ya Wamarekani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maana ndiyo inayoonewa zaidi.

Injini yake iko nyuma. Kwenye M4 za kwanza ilikuwa Continental R975, injini ya asili ya ndege yenye silinda 9 zilizopangwa kwa duara. Shafti inatoka pale, inapita chini ya kichwa kinachozunguka walimokaa wapiga mzinga, inafika mbele kwenye giaboksi yenye gia 5 za mbele na 1 ya kurudi nyuma. Kwa kuwa kitovu cha injini ya duara kinakaa juu, shafti nayo ilikaa juu, na hiyo ni sababu mojawapo ya Sherman kuwa na kimo kile. Giaboksi na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kushoto na kulia, vimo puani kabisa. Pua yenyewe imefungwa kwa bolti, kwa sababu mtambo ukiharibika unatolewa kupitia hapo. (Kwenye modeli nyingi bolti hizo ni vichwa tu vilivyobandikwa kwa gundi, na nyuma yake hamna kitu.) Kutoka difu nguvu inaenda pembeni kwenye gia za mwisho, kisha spoketi za mbele, yale magurudumu yenye meno yanayovuta mnyororo, kisha mnyororo wenyewe.

Sasa hapo kwenye difu ndipo penye ugomvi wangu.

Difu ya gari unaijua. Tairi moja likizama kwenye matope, moja linazunguka ovyo na mwenzake katulia. Kasi inayopungua upande mmoja inahamia upande wa pili. Sherman ilikata kona kwa tabia hiyohiyo, ila kwa kuidhibiti. Difu yake ina gia za ziada zilizounganishwa na ngoma mbili za breki, na dereva ana liva mbili mbele yake. Akivuta ya kushoto, breki inaishika ngoma ya kushoto, mnyororo wa kushoto unapungua mwendo na wa kulia unaongeza kwa kiasi kilekile. Angalia vizuri: unapungua, hausimami. Hata akivuta liva mpaka mwisho, uwiano wa zile gia unaulazimisha mnyororo wa ndani ya kona uendelee kwenda mbele. Akivuta liva zote mbili kwa pamoja, kifaru kinafunga breki. Mfumo huu huitwa Cletrac, kwa kampuni ya matrekta ya Cleveland ulikotoka, na ulipendwa kwa sababu nguvu haikatiki kwenye kona: minyororo yote miwili inavuta muda wote.

Matokeo yake ni kwamba Sherman haiwezi kujizungusha papo hapo. Haiwezi hata kuusimamisha mnyororo mmoja ikauzungukia. Kona yake kali kuliko zote ni duara la kipenyo cha mita 19 hivi, ambalo kwa skeli ya 1:16 ni kama mita 1 na sentimita 20. Ukiona modeli ya Sherman inazunguka mahali pamoja juu ya meza, mnyororo mmoja mbele na mwingine nyuma, ujue inafanya jambo ambalo dereva wa Sherman yenyewe hakuweza kulifanya hata angetaka. Rangi inaweza kuwa kamili, hata ribiti zimehesabiwa moja moja, lakini hapo kinachotembea ni mota mbili zilizovaa bodi ya Sherman.

Utaniambia mbona vifaru vingine vilijizungusha. Ni kweli. Churchill ya Waingereza, yenye giaboksi ya Merritt-Brown, iliweza. Tiger I ya Wajerumani pia iliweza, na juu ya hilo usukani wake ulitoa kona za aina mbili kwa kila gia, nayo ilikuwa na gia 8 za mbele. T-34 ya Wasovieti ilikuwa na njia yake: klachi na breki kila upande, hivyo dereva aliachia upande mmoja, akaufunga, na kifaru kikauzungukia mnyororo uliosimama. Basi swali la kwanza kwa anayejenga ni kifaru gani na kilikata kona vipi. Jibu la hilo ndilo linaloamua utengeneze nini ndani.

Kuna mahali skeli yenyewe inagoma, na hapo simlaumu mtu. Urefu ukigawanywa kwa 16, ujazo unagawanywa kwa 4,096. Ile R975 ilikuwa na lita 15.9, kwa 1:16 inabaki chini ya sentimita 4 za ujazo kwa silinda zote 9. Kutengeneza injini ya namna hiyo inayowaka na kuvuta ni kazi ya mtu mmoja mmoja sana duniani. Wengine huweka mota moja ya umeme pale pale injini ilipokaa, wakaipitishia shafti, giaboksi na difu ya kweli. Mimi hiyo naiita sahihi kimakanika bila kusita, mradi mwenyewe aseme kwamba injini ni ya umeme. Wanaotaka zaidi hupanda hadi 1:6, ambako bodi inakaribia mita 1, na tani 30 za kifaru zinakuwa kilo 140 hivi. Kitu hicho hubebi kwapani.

Mnyororo nao una mtego wake. M4 ina vipande 79 kila upande, na meno ya spoketi hayashiki kipande chenyewe. Yanashika viungio vya kando vinavyofunga kipande kimoja na kingine. Hivyo ni viungio 316 kwa kifaru kizima. Anayemimina mnyororo wa plastiki, kila kipande kikiwa kimoja na viungio vyake, meno yakaingia katikati, ameokoa miezi ya kazi na amebadilisha mtambo. Ni uamuzi halali. Aseme tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye Sherman ya mota mbili, usiifumue. Iite modeli ya skeli inayotembea, na kama umeijenga kuanzia bati tupu, iite hivyo pia kwa sauti kubwa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya rimoti, uzuie mnyororo wa ndani usisimame wala kurudi nyuma wakati wa kona, na uipunguze kasi: kilomita 38 kwa saa za Sherman barabarani, zikigawanywa kwa 16, ni kilomita 2 na nusu hivi, polepole kuliko mtu anayetembea. Ndani patabaki vilevile, ila angalau itakata kona kama Sherman.