Je, wajua kwa nini mita mbili tu zinaweza kuzidisha uzito wa boriti ya chuma zaidi ya mara mbili?

Ramani ya nyumba ya ghorofa inaonyesha sebule ya chini yenye mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenye nyumba anaomba ivutwe ifike mita 6, tena bila nguzo katikati. Nafasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini boriti inayobeba sakafu ya juu inaweza kutoka kilo 105 hadi kilo 253, bila kuhesabu ncha zinazoingia ukutani. Chuma huuzwa kwa uzito, kwa hiyo bei nayo inapanda kwa kasi hiyohiyo. Gharama ya boriti huamuliwa mezani, ramani inapochorwa, na ukishafika kwa muuzaji kinachobaki cha kuokoa ni kidogo sana.

Sababu kubwa ni kunesa, yaani boriti kushuka katikati inapobebeshwa mzigo. Wengi hudhani boriti huchaguliwa ili isivunjike. Katika nyumba za kuishi, mara nyingi boriti huwa na nguvu ya kutosha kutovunjika kabla haijawa ngumu ya kutosha kutonesa. Mzigo ukitandazwa sawasawa, nguvu inayoipinda boriti hukua kwa kipeo cha pili cha urefu, lakini kiasi inachonesa hukua kwa kipeo cha nne. Boriti ileile ikirefushwa mara mbili, na mzigo wa kila mita ukabaki vilevile, hupindwa kwa nguvu mara 4 na kunesa mara 16. Sakafu ikinesa sana, vigae hupasuka, plasta ya chini huchanika na milango ya juu hukwama. Ndiyo maana wahandisi huweka kikomo. Kimoja kinachotumika sana kwa mzigo wote ni urefu uliogawanywa kwa 250, yaani milimita 20 kwa boriti ya mita 5.

Tuchukue slabu ya zege yenye unene wa milimita 150, pamoja na vigae, kuta nyepesi, watu na samani. Boriti inabeba upana wa mita 3 wa slabu hiyo. Mzigo wake ni kama tani 2.2 kwa kila mita ya boriti, na zaidi kidogo ya nusu ni zege lenyewe. Kwa nafasi ya mita 5, boriti ya IPE 240 (IPE ni aina ya boriti ya umbo la I yenye mabapa membamba; hii ina kina, yaani kimo kutoka juu hadi chini, cha milimita 240, na kilo 30.7 kwa mita) inatosha kwa nguvu, lakini inanesa karibu milimita 22. Inabidi kupanda hadi IPE 270 ya kilo 36.1 kwa mita. Kwa mita 4 inatosha IPE 220 ya kilo 26.2, na kwa mita 6 inahitajika IPE 300 ya kilo 42.2. Hesabu hizi ni za mfano huu tu. Slabu nene zaidi, au ukuta wa tofali uliosimama juu ya boriti, hubadilisha kila kitu, na mhandisi wa miundo lazima apige hesabu za nyumba husika.

Hapa ndipo fedha hupotea bure: mnunuzi anashauriwa achukue chuma cha daraja la juu, S355 badala ya S275 (namba hizo ni za daraja la nguvu ya chuma), akiamini atapata boriti ngumu zaidi. S355 kweli hustahimili mkazo mkubwa zaidi kabla ya kupinda bila kurudi, ila vyuma vyote viwili hunesa sawasawa. Ile IPE 240 itashuka milimita zilezile 22 hata ikiwa ya S355.

Kinachopunguza kunesa kwa bei nafuu ni kina. Boriti ya umbo la I ina mabapa mawili, la juu na la chini, yaliyounganishwa na ukuta mwembamba. Mabapa ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kupinga kupindwa, na kadiri yanavyokaa mbalimbali ndivyo boriti inavyokuwa ngumu. Tazama IPE 270 na HEB 200, boriti ya I yenye mabapa mapana na kina cha milimita 200. Ukakamavu wao unakaribiana sana, lakini ya kwanza ina kilo 36.1 kwa mita na ya pili kilo 61.3. Anayetaka boriti ya kina kidogo ili ifichike darini analipia kilo 25 za ziada kwa kila mita ili kupunguza kina kwa milimita 70. Kwa kipande cha mita 5.3 (nafasi ya mita 5 na ncha mbili za milimita 150) hizo ni zaidi ya kilo 130. Kama urefu wa chumba unaruhusu, acha boriti ishuke.

Nguzo moja katikati ya zile mita 6 huleta nafuu kubwa zaidi. Kila upande unabaki na mita 3, IPE 180 ya kilo 18.8 inatosha, na chuma chote cha boriti kinashuka hadi kilo 113. Lakini nguzo hiyo inapokea karibu tani 6.6, hivyo inahitaji msingi wake. Kuisimamisha juu ya zege jembamba la sakafu ni kuualika ufa.

Angalia pia urefu wa kuuzia. Boriti nyingi hupatikana za mita 6 au 12. Nafasi ya mita 6 yenye ncha za milimita 150 kila upande inadai mita 6.3, kwa hiyo boriti ya mita 6 haifiki. Utanunua ya mita 12 na kubaki na kipande, au utalipia kiungo cha bolti au cha kuchomelea ambacho nacho kinahitaji hesabu yake. Chumba kikipunguzwa hadi mita 5.7, boriti ya mita 6 inatosha bila kukatwa.

Mahali ambapo kazi huharibika zaidi ni kwenye ncha. Boriti ya mita 5 katika mfano wetu inashusha tani 5.5 kila upande, na mzigo huo unatua juu ya eneo la milimita 150 (ncha) kwa 135 (upana wa bapa) tu. Tofali dhaifu husagika hapo, kisha ufa wa mshazari hushuka kutoka kwenye ncha. Dawa yake ni kitako cha zege kilichomwagwa ukutani mapema, kipana kuliko bapa, ili mzigo usambae juu ya matofali mengi.

Ukipewa bei, uliza bei ya kilo inajumuisha nini. Kukata, kutoboa, pleti, bolti na rangi ya kuzuia kutu huongezwa juu ya bei ya chuma ghafi. Boriti ya IPE 300 ya mita 6.3 ina kilo 266, kwa hiyo cheni bloku au kreni nayo inalipiwa. Kinga ya moto isiachwe nje: chuma kikifika nyuzi 600 za selsiasi hubakiwa na karibu nusu ya nguvu zake. Jipsamu ya kuzuia moto au rangi inayovimba kwa joto hukichelewesha kufika huko.

Njia za mabomba zichorwe kabla boriti haijatobolewa kiwandani. Fundi bomba akikata bapa la chini katikati ya boriti, ameondoa chuma pale hasa kinapovutwa kwa nguvu zaidi. Tundu dogo la duara, likiidhinishwa na mhandisi, huwekwa kwenye ukuta mwembamba, katikati ya kina chake na mbali na ncha, kwa sababu karibu na ncha ukuta huo ndio unaobeba mzigo kuupeleka kwenye kitako.