Ujumbe umetoka kwa nani? Makosa ya programu ya C yenye faili nyingi

Kabla sijagusa msimbo, natazama kwanza anayelalamika ni nani. Ujumbe ukianza na namba ya mstari, kama `main.c:14:9: error`, hiyo ni kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine. Ukimalizika na `collect2: error: ld returned 1 exit status`, kompaila imeshamaliza kazi; kilichokwama ni kiunganishi (`ld`), kinachounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja, na kusaka nukta-mkato iliyosahaulika ni kupoteza muda.

Makosa ya kompaila narekebisha la kwanza tu, kisha naendesha upya. Nukta-mkato moja ikikosekana mwishoni mwa `struct` ndani ya heda (faili ya `.h`), makosa hutokea kwenye faili nyingine isiyo na hatia. `implicit declaration of function` mara nyingi maana yake heda haijaingizwa kwa `#include`. Zamani lilikuwa onyo tu, tangu GCC 14 ya 2024 ni kosa kamili.

`undefined reference to 'jumlisha'` mara nyingi ni faili iliyoachwa nje ya amri. Andika `gcc main.c hesabu.c -o duka`. Ikiwa faili tayari imo, ikompaili peke yake kwa `gcc -c hesabu.c` upate `hesabu.o`, kisha endesha `nm hesabu.o` uone majina yaliyomo: `T` maana yake fanksheni imo na inaonekana nje, `U` inatafutwa kwingine, na `t` ndogo inaonyesha uliiwekea `static`, hivyo haionekani nje ya faili yake. `-lm` (maktaba ya hisabati) iwe mwisho, kwa sababu kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Wengi hupotea kwenye `multiple definition of 'idadi'`. Wameandika `int idadi;` ndani ya heda, wakaongeza kinga ya `#ifndef`, na kosa halitoki. Kinga hiyo huzuia heda isiingie mara mbili katika faili ile ile ya `.c`; lakini kila `.c` hukompailiwa peke yake, hivyo kila moja hubeba `idadi` yake. Hadi GCC 9 nakala hizo ziliunganishwa kimyakimya. GCC 10 ya 2020 ikafanya `-fno-common`, inayokataa nakala hizo, kuwa chaguo la kawaida. Weka `extern int idadi;` kwenye heda na `int idadi = 0;` kwenye `.c` moja tu. Kurudisha `-fcommon` ni kufunika kombe.

Kosa baya zaidi halina ujumbe: umebadilisha `struct` kwenye heda, `make` (programu inayokompaili kwa kufuata faili ya Makefile) ikaacha `.o` za zamani bila kuzikompaili upya, na programu inatoa namba za ajabu. `make clean` itakuokoa leo. Kwa kudumu, ongeza `-MMD -MP` kwenye `CFLAGS` ili kompaila iandike heda ambazo kila `.c` inazitegemea, na mwishoni mwa Makefile `-include $(OBJS:.o=.d)` ili `make` izisome (`OBJS` ni orodha ya `.o` zako).