Uzito wa ekseli: jumla iko sawa, mizani inakataa

Uzito wa ekseli ni uzito ambao ekseli moja, yaani mhimili mmoja unaobeba matairi ya kushoto na kulia, au kundi la ekseli zilizo karibukaribu, linaukandamiza barabarani kupitia matairi yake. Ni tofauti na uzito wa gari zima, ambao huitwa uzito wa jumla. Watu wengi wanaoagiza mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kuja Dodoma wanaujua huo wa jumla peke yake. Wanajumlisha gari na mzigo, wanaona kikomo bado kiko mbali, wanaruhusu gari liondoke. Halafu usiku simu inaita kutoka kwenye mizani ya barabarani inayopima magari.

Chukua semi ya kawaida tunayopishana nayo kila siku barabara ya Morogoro. Ina ekseli sita: moja ya mbele inayokata kona, mbili zinazovuta, za kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye injini, na tatu za tela. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaipa ekseli ya mbele tani 8, kundi la ekseli mbili lenye matairi manane tani 18, na kundi la ekseli tatu lenye matairi kumi na mawili tani 24. Ukijumlisha unapata tani 50. Magari yenye ekseli saba yana kikomo cha juu kabisa, tani 56. Kwa hiyo semi ile ina vikomo vinne: kimoja kwa kila kundi, na kimoja cha jumla. Unaweza kuheshimu vitatu ukavunja cha nne, na hapo gari halipiti.

Kwa nini sheria isiridhike na jumla? Kwa sababu barabara haiulizi gari zima lina tani ngapi. Lami inahisi tairi linalopita juu yake sasa hivi, kisha la pili, kisha la tatu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio wakayapitisha malori mchana na usiku, yenye uzito tofauti, wakipima jinsi lami inavyochakaa. Walichokigundua ndicho kinachotumika mpaka leo: uharibifu haukui sambamba na uzito, unakua kwa takriban kipeo cha nne: uzito ukizidi mara mbili, uharibifu unazidi mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani mara 16. Ekseli ya tani 10 ukiipandisha hadi tani 12 umeongeza uzito kwa asilimia 20, lakini uharibifu umezidi mara mbili. Ndiyo maana magari machache yaliyopangwa vibaya yanaweza kuichosha barabara kuliko msururu mrefu wa magari yaliyopangwa vizuri.

Sasa tuje kwenye chuma, maana hapa ndipo dhana hii inapoacha kuwa ya karatasini.

Dodoma inajengwa. Mabomba ya maji, vali, mifuniko ya chemba za majitaka na vyuma vya kufunika mitaro vinakuja kwa wingi, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Meta moja ya ujazo ya chuma hicho ina uzito wa tani 7 na kidogo. Linganisha na mahindi. Gari likipakia tani 28 za mahindi pale Kibaigwa, magunia yanajaa tela zima, mbele mpaka nyuma, na yanapanda juu zaidi ya mita moja. Mahindi yanajipanga yenyewe, hata mpakiaji asiyejua lolote kuhusu ekseli atapata mgawanyo unaokaribia kufaa kwa sababu hana mahali pengine pa kuyaweka. Lakini tani 28 za chuma cha kusubu, kama ungekiyeyusha na kukimwaga kwenye sakafu ya tela la mita 12 na nusu, kingefika unene wa sentimita 13 hivi. Haifiki hata shibiri. Tela linaonekana tupu na limeshashiba. Nafasi inabaki tele, na kila nafasi iliyobaki ni nafasi ya kukosea.

Mabomba makubwa yana nafuu kidogo kwa sababu ndani yake mna hewa. Bomba la kipenyo cha milimita 600 na urefu wa mita 6 lina uzito wa karibu tani moja, lakini linachukua nafasi kubwa, na mawili yakifuatana yanaenea karibu tela zima. Vali na mifuniko ni hatari zaidi. Kreti ambalo mtu anaweza kulikalia kama kiti linaweza kufika tani nzima.

Niliwahi kupokea simu ya usiku kutoka kwenye mizani. Mzigo ulikuwa makreti 28 ya vali na mifuniko ya chemba, kila moja kama tani moja. Vijana wa kupakia waliyasukuma yote mbele, yakaegemea ukuta wa tela, mengine yakapandishwa juu ya wenzake, na robo ya tela kule nyuma ikabaki wazi. Nia yao ilikuwa njema, walitaka mzigo usiteleze dereva akipiga breki. Saa tano usiku dereva akanipigia.

“Kaka, jumla tani 44. Kikomo 50. Mbona wanatuzuia?”

Nikamwomba anisomee karatasi ya mizani mstari kwa mstari. Ekseli ya mbele tani 6.8, sawa. Tela tani 17.2, sawa kabisa, hata nafasi ya kuongeza ipo. Ekseli mbili za kichwa tani 20. Kikomo 18. Gari lilikuwa na akiba ya tani sita kwenye jumla, na bado lilikuwa limezidisha tani mbili mahali pamoja. Kwa hesabu ile ya kipeo cha nne, kundi lile lilikuwa linaiumiza lami kama mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa.

Ili kuelewa kilichotokea, kumbuka watoto wawili wanaobeba ndoo ya maji kwa kuitundika kwenye mti, kila mmoja ameshika ncha yake. Ndoo ikikaa katikati, wanagawana sawa. Ikiteleza kumwelekea mmoja, huyo ndiye anayelalamika, ingawa maji hayajaongezeka hata tone. Tela la semi ni mti ule ule. Ncha moja imekaa kwenye sahani ya kichwa, pale tela linapoungana na kichwa, nyingine juu ya ekseli tatu za nyuma. Kwenye tela letu umbali kati ya ncha hizo ni kama mita 8. Mzigo wa tani 28 ukiusogeza wote mbele kwa mita moja, unagawanya 28 kwa 8: tani tatu na nusu zinahama kutoka tela kwenda kwenye kichwa, na nyingi kati ya hizo zinaishia kwenye ekseli zinazovuta. Mita moja tu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima.

Dawa yake ilikuwa hesabu hiyo hiyo kwa kinyume. Makreti matatu yaliyokuwa mbele kabisa tuliyahamishia nyuma, umbali wa karibu mita 7. Tani 3 mara mita 7 ni 21, gawanya kwa 8, unapata tani 2.6 zilizoondoka kwenye kichwa. Gari lilipopanda mizani tena lilisoma 6.5 mbele, 17.7 katikati, 19.8 nyuma. Jumla tani 44 ile ile. Hatukushusha hata boliti moja. Lakini kumpata mwenye gari la winchi usiku ule, kumsubiri afike, na kufunga mikanda upya kulituchukua mpaka jua likachomoza, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko faida ya safari.

Usije ukafikiri basi kila kitu kirudishwe nyuma. Kichwa kikiwa chepesi mno, matairi yanayovuta yanakosa mkandamizo, na kwenye vilima vya Gairo barabara ikiwa imelowa yataanza kuzunguka pale pale. Ekseli ya mbele nayo ikiwa nyepesi, usukani unakuwa wa kubahatisha. Mzigo unatafutiwa mahali pake, na mahali hapo hutofautiana kwa kila gari, kwa sababu vichwa na matela hayalingani.

Kontena linastahili neno lake. Kontena la futi 20 linaweza kufika tani 30 na kidogo pamoja na mzigo, na likijazwa vali linafika huko bila shida, huku uzito wote umebanwa kwenye urefu wa mita 6. Sili imeshafungwa, hupangi tena kilichomo. Unachoweza kuamua ni kontena likae wapi juu ya tela, na uamuzi huo unafanyika bandarini kwa dakika chache, mara nyingi na mtu ambaye hatakuwepo kwenye mizani ya Vigwaza wala ya Mikese. Mwambie mapema. Muulize pia wakala wako wa forodha kama ndani ya kontena uzito umeegemea upande mmoja, maana orodha ya mzigo huonyesha uzito wa kila kreti.

Na mtu asikudanganye kwamba kuna kibali cha kuzidisha mabomba. Vibali maalumu vipo kwa mzigo usiogawanyika, kama transfoma kubwa ya kituo cha umeme kama kile cha Zuzu hapa Dodoma, kitu ambacho huwezi kukikata vipande. Gari lake huwa na ekseli nyingi na hupangiwa njia yake. Mabomba 40 yanagawanyika, vali 200 zinagawanyika. Kwa hiyo jibu litakuwa lete gari la pili.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu barabara yetu hii ya Morogoro hadi Dodoma haina mbadala mwepesi kwa lori, na inapita kwenye maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Maji yakiingia chini ya lami kupitia nyufa, tabaka la chini linalegea, na ekseli iliyozidi inayopita wiki hiyo inafanya kazi ambayo isingeifanya mwezi wa Agosti. Ile mifereji miwili ya matairi unayoiona kwenye miinuko, ambapo magari hupanda polepole, ndiyo saini ya ekseli nzito. Gari dogo likiingia humo wakati wa mvua, dereva anajua mwenyewe anavyohangaika.

Makreti yale yalifika. Asubuhi tulipofungua la kwanza pale yadi, mfuniko wa juu ulikuwa na maandishi yaliyosubiwa humo humo kwenye chuma: D400. Maana yake umejaribiwa kwa nguvu ya kilonyutoni 400, yaani uzito wa karibu tani 40 juu yake, na kwa hiyo unafaa kuwekwa katikati ya barabara ya magari. Ulioandikwa B125 ni wa njia ya waenda kwa miguu na maegesho ya magari madogo. Fundi mmoja alipitisha kidole juu ya zile herufi akauliza kama vitu hivi havipasuki lori likipita. Nikamwambia huo wa D400 umetengenezwa kwa ajili ya tairi la lori, kisha tukaanza kuitenga, ya D400 upande huu, ya B125 upande ule.