Kuchanganya TTL na M kwenye flashi za triga: tunayoambiana na ukweli wake

Siku hizi kwenye kumbi za Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, mpigapicha wa harusi haji na flashi moja. Moja iko juu ya kamera, nyingine kwenye stendi nyuma ya meza kuu, ya tatu kwenye kona ya keki, zote zikiamrishwa na triga, kifaa kinachoziwasha kwa mbali. Vifaa tunavyo, lakini mengi tunayofundishana kuhusu modi zake, yaani TTL (kamera inapima na kuchagua nguvu ya flashi yenyewe) na M (unaweka nguvu mwenyewe), si sahihi, na anayeumia ni bibi harusi.

"Flashi zote lazima ziwe modi moja." Hapana. Mifumo ya sasa hugawa flashi katika makundi, A, B, C na kuendelea, na kila kundi hupewa modi yake. Nikon waliruhusu hilo tangu mfumo wao wa flashi wa CLS wa 2003. Canon walikuja na uhuru huo mwaka 2012 kwenye flashi ya 600EX-RT inayotumia redio. Triga za Godox zilizojaa mitaani zinafanya vivyo hivyo. Cha kujiuliza ni taa ipi ipewe modi ipi, na mimi naangalia umbali. Maharusi wanaingia wakicheza. Wakifika mita tatu kutoka kwenye taa badala ya sita, mwanga unaowapata umeongezeka mara nne. Hapo TTL ndiyo msaada. Keki haitembei, iwekee M.

"TTL inaona taa zote na kuzisawazisha yenyewe." Hili ndilo linaloharibu picha nyingi. TTL hurusha mmweko mdogo wa kupimia kabla ya picha, na kwa kawaida makundi yaliyo M hayashiriki kwenye kipimo hicho. Kamera inapiga hesabu kana kwamba taa za M hazipo. Zikimulika uso uleule kwa nguvu sawa na ile ya TTL, picha inazidi mwanga kwa stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu ukipunguza) na shela linaungua. Ama elekeza taa ya M mgongoni au ukutani, ama punguza zote mbili stopu moja moja.

"Nikibadilisha tundu la lenzi, taa zote zinafuata." Inafuata TTL peke yake. Tuseme unapiga maharusi kwa f/4, taa ya M ikimulika mapambo nyuma yao kwa 1/16 ya nguvu yake yote. MC anaita kamati nzima jukwaani, safu tatu, nawe unabana tundu hadi f/8 ili nyuso zote zikae sawa. TTL inaongeza nguvu mara nne bila kukuuliza. Ile ya nyuma inabaki 1/16. Nyuso ziko vizuri, mapambo yaliyolipiwa fedha nyingi yamezama gizani kwa stopu mbili, na ukitazama kioo cha kamera harakaharaka hutaona. Pandisha kundi hilo hadi 1/4. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, nayo ni vilevile: ukiigusa, rudi kwenye makundi ya M.

"Kamera ikiwa M, flashi nayo ni M." Ni vitu viwili tofauti: M ya kamera ni wewe kuweka tundu na kasi ya shata, M ya flashi ni wewe kuweka nguvu ya taa. Kamera ikae M, flashi iendelee na TTL.

"Flashi ya zamani imewaka, kwa hiyo iko kwenye picha." Flashi inayoamshwa kwa kuona mwanga, ikiwa kwenye modi ya S1, huitikia ule mmweko wa kupimia. Macho yako yameiona ikiwaka, ila imewaka mapema. Weka S2, iruke mmweko huo.

"Nje, TTL haikosei." Nenda Tukuyu asubuhi yenye ukungu. Flashi ya juu ya kamera inamulika ukungu ulio mbele ya lenzi, kamera inadhani mwanga umetosha, inakata nguvu, na maharusi wanatoka weusi. Izime. Weka taa pembeni kwenye stendi, M, anza na 1/8, kisha panda au shuka ukitazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha kwenye kioo cha kamera.