Chupa ya maji ya dukani haitoshi: namna tunavyopima dawa ya magugu Ziwa Victoria

Kila mvua za masika zinapoanza, dirisha la kupokelea sampuli la maabara yetu hapa Dar es Salaam hupata wageni wa aina moja. Mtu anatoka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi na mzigo uliokuja na basi la Mwanza. Ndani yake kuna chupa ya maji ya dukani, lita moja na nusu, imejazwa maji ya ziwa. Safari hii aliyeileta alikuwa mzee mmoja mwenye mdogo wake anayelima karibu na Ghuba ya Speke. Jirani alipuliza dawa ya magugu, mvua ikashuka usiku uleule, na familia inachota maji hapohapo.

"Mwanangu, nipimieni tu mniambie kama yana sumu."

Tulimshukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, maana chupa hiyo ilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa gharama yake. Kisha ikabidi tumweleze kwamba hatuwezi kuipima. Malalamiko ya namna hii yanaongezeka, na wengi huondoka wakiamini kuna jambo linafichwa. Hakuna linalofichwa. Kipimo cha dawa ya magugu huanzia ziwani, na kikiharibikia kule hakuna mashine ya Dar es Salaam inayoweza kukitengeneza.

Chukueni atrazini, inayotumika sana kwenye mahindi. Sampuli yake huwekwa kwenye chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, iliyooshwa kwa kiyeyushi na kukaushwa, ili mwanga usiivunje dawa na plastiki isiinyonye. Glifosati, dawa nyingine ya magugu, ni kinyume chake: hung'ang'ania kioo, hivyo inataka chupa ya plastiki maalumu. Kwa hiyo anayesema "nipimieni dawa zote" anaomba chupa mbili tofauti, njia mbili tofauti za uchambuzi, na wakati mwingine mashine mbili. Chupa zote huwekwa kwenye deli lenye barafu, nyuzijoto 4 hivi, gizani. Atrazini inapaswa kutolewa kwenye maji ndani ya siku 7 tangu kuchotwa. Chupa iliyokaa juani stendi, ikapigwa joto la buti usiku kucha, haituambii tena kilichokuwa ziwani.

Timu yetu inapokwenda kuchota, huandika kila kitu kabla ya kugusa maji: majira ya nukta, yaani mahali hasa tulipo, kwa kifaa cha satelaiti, saa, kina, hali ya upepo, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Boti husimama, injini huzimwa, na maji huchotwa upande wa mbele, mbali na moshi na mafuta. Hatuchoti juujuu pekee. Tunateremsha kichoteo kinachojifunga kikiwa chini na kuchukua maji ya nusu mita, ya katikati, na ya karibu na sakafu, kwa sababu kuna miezi ambayo maji ya juu yenye joto hayachanganyiki na ya chini. Kila kituo kina chupa pacha. Tunabeba pia chupa ya maji safi kutoka maabara, tunaifungua pale ziwani na kuifunga tena. Ikikutwa na dawa, ujue uchafu umetoka kwetu, na kazi ya siku nzima inafutwa. Baada ya hapo chupa hutiwa lakiri, namba huandikwa kwenye fomu ya makabidhiano, na kila mkono unaoipokea husaini: aliyechota, dereva, mpokeaji, mchambuzi. Saini moja ikikosekana, matokeo hayo hayatasimama mahakamani hata yakiwa sahihi kabisa. Nawaomba wananchi walizingatie hili, kwa sababu kesi huangukia hapo.

Maabara, lita moja ya maji hupitishwa taratibu kwenye kichujio kidogo kama kidole. Dawa hunasa humo, kisha huoshwa na kukusanywa hadi kibaki kiasi cha mililita moja tu. Hapo ndipo mashine hutenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa vipande vyake. Sambamba tunachambua maji ambayo sisi wenyewe tumetia kiasi cha dawa tunachokijua. Tukirudishiwa kati ya asilimia 70 na 120 ya tulichotia, tunaendelea. Tukirudishiwa nje ya hapo, tunaanza upya.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia kila mahali, hata kwa watu wenye elimu kubwa: "Ziwa ni kubwa, dawa itapotelea mle." Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ujazo wake ni kama kilomita za ujazo 2,700. Ili ziwa zima lifikie mikrogramu 0.1 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu), ambayo ni kiwango cha Umoja wa Ulaya kwa karibu kila kiuatilifu, yaani dawa ya kuua magugu au wadudu, katika maji ya kunywa, zingehitajika tani 270 za dawa halisi, zote ziyeyuke na zisivunjike. Kwa hesabu hiyo mwenye hoja anaonekana ameshinda.

Lakini dawa haiendi katikati ya ziwa kujigawa sawasawa. Inashuka na mito ya Simiyu, na Mara, na Kagera, na vijito visivyo na jina, na kukaa kwanza kwenye ghuba na matete ya pembeni. Chukua ghuba ndogo ya kilomita moja ya mraba yenye kina cha mita 2. Ina lita bilioni 2. Kufikia mikrogramu 0.1 kwa lita inahitaji gramu 200 tu. Chupa ya lita moja ya atrazini yenye gramu 500 kwa lita inatosha, na inabaki zaidi ya nusu. Huko pembeni ndiko samaki wanakozaliana, na ndiko mama anakoteka ndoo. Wastani wa ziwa zima haumhusu.

Ndiyo maana swali la kwanza tunalouliza ni lini. Mvua ya kwanza kubwa baada ya kupuliza ndiyo hubeba sehemu kubwa ya dawa, kwa saa chache au siku chache. Ukichota wiki tatu baadaye unaweza usikute kitu na ukadhani mto ni salama. Kwa hiyo mahali pengine tunaacha vinyonyaji, yaani vifaa vya kunasa dawa, majini kwa wiki mbili hadi nne, vikusanye kidogokidogo. Pia hatupimi atrazini peke yake. Tunapima na zao lake, desethilatrazini, linalotokea inapovunjwavunjwa na vijidudu udongoni. Atrazini ikiwa nyingi na zao lake dogo, dawa imepulizwa karibuni. Zao likiwa kubwa, imekaa ardhini muda mrefu. Hata mvua yenyewe hatuiachi nje, maana zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hunyesha moja kwa moja juu yake, na dawa nyingine husafiri hewani. Kule Marekani, Ziwa Michigan lilipimwa hivyo mwaka 1994 na 1995, na atrazini ikakutwa hadi maji ya mbali na mashamba, kwa makumi machache ya nanogramu (sehemu za elfu za mikrogramu) kwa lita.

Kuhusu namba zenyewe naomba uvumilivu wa msomaji. Kwa atrazini, Ulaya wanasema mikrogramu 0.1 kwa lita, Marekani 3, na Shirika la Afya Duniani 100, likijumuisha na mazao yake. Kile cha Ulaya ni uamuzi wa tahadhari kwa viuatilifu karibu vyote, bila kuangalia ukali wa kila kimoja. Cha Shirika la Afya Duniani kimetokana na kiasi ambacho mtu anaweza kunywa maisha yote bila madhara yanayotarajiwa. Mikrogramu 0.1 kwa lita katika boza la lita 10,000 ni miligramu moja, kama punje moja au mbili za sukari. Mtu akirusha mitandaoni namba bila kutaja kipimo na kiwango anacholinganisha, hajaelimisha yeyote.

Na "haikugundulika" kwenye cheti chetu si sifuri. Maana yake ni kwamba iko chini ya kiasi ambacho njia tuliyotumia inaweza kukiona, na kiasi hicho kimeandikwa pembeni. Tafadhali kisomeni.

Kuna kifaa kidogo kama kalamu kinachouzwa Kariakoo, unachovya majini na namba inatokea. Kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka. Hakiwezi kuona dawa ya magugu, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Kuchemsha maji ni kwa ajili ya vijidudu. Atrazini haitoki kwa kuchemsha. Samaki wengi kuelea wamekufa ni jambo la kuripoti mara moja, lakini mara nyingi chanzo ni maji ya chini yasiyo na oksijeni kupanda juu, au viuadudu, ambavyo ni vikali zaidi kwa samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu, hofu ilikuwa ya viuadudu, na kilichotakiwa kuirudisha imani ya soko kilikuwa vipimo vyenye ushahidi.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 za ufukwe wa ziwa au kingo za mto shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Kwa kosa la kuchafua mazingira, sheria hiyo ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Usajili wa viuatilifu na vibali vya wauzaji viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Makala hii haimtuhumu mkulima wala muuzaji yeyote.

Unaposhuku dawa imeingia majini, acha kuchota hapo na uwaarifu majirani, halafu toa taarifa siku hiyohiyo kwa ofisa mazingira wa halmashauri au Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza. Andika tarehe na saa ya kupuliza, mvua ilinyesha lini, shamba liko wapi ukilinganisha na maji. Piga picha lebo ya dawa ukiiona, hasa sehemu yenye jina la kiambato na gramu kwa lita. Yule mzee alimpigia mdogo wake simu palepale dirishani, akaandika majibu nyuma ya tiketi ya basi. Karatasi ile tuliipokea.