Maana ya kuutumainia uongozi wa Yesu ajuaye yote

Kuutumainia uongozi wa Yesu ajuaye yote ni kumkabidhi maamuzi ya maisha na kulitii neno lake hata pale ambapo mwamini haoni mwisho wa jambo, kwa kusadiki kwamba anayemwongoza anaujua mwisho huo. Msingi wa imani hiyo umewekwa wazi hasa katika Injili ya Yohana. Humo Yesu anamwona Nathanaeli chini ya mtini kabla Filipo hajamwita, anamweleza mwanamke Msamaria habari za waume zake watano, na mwishoni Petro, akiulizwa kwa mara ya tatu kama anampenda, anabaki na jibu moja tu: "Bwana, wewe wajua yote" (Yohana 21:17). Ikumbukwe kwamba anayesema hivyo ni mtu aliyemkana Bwana wake mara tatu, na ambaye kukana kwake kulikuwa kumetabiriwa usiku uleule. Alijulikana hivyo, na bado akakabidhiwa kondoo.

Msomaji makini atauliza juu ya Marko 13:32, ambapo Yesu asema kwamba siku ile na saa ile hata Mwana haijui. Wakristo wengi, wakifuata ungamo la Mtaguso wa Kalkedoni, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, kwamba Kristo ni Mungu kweli na mwanadamu kweli, hulielewa neno hilo kuwa linahusu ubinadamu alioutwaa.

Kwa maoni yangu, ugumu wa dhana hii hauko katika kukubali kwamba Yesu anajua, bali katika kuvumilia kwamba haelezi yote anayoyajua. Katika Yohana 11, Martha na Mariamu wanampelekea habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, naye, ingawa anawapenda, anakaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Anapofika Bethania, maiti ina siku nne kaburini. Dada hao, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia neno lilelile: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hakuna aliyekemewa kwa kusema hivyo. Tena Yesu, ambaye tayari alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro, alilia machozi pale. Kumtumaini, basi, hakumzuii mtu kulalamika mbele zake, na kujua kwake yatakayotokea hakumfanyi asiguswe na msiba uliopo.

Dhana hii hutofautiana na kukaa bure ukisubiri liwalo na liwe, na hutofautiana zaidi na ile tabia ya kuzunguka kutoka kwa nabii huyu hadi yule ili kutabiriwa ya kesho. Anayefanya hivyo anatafuta kujua yeye mwenyewe, wala hamtegemei ajuaye. Uongozi wa Yesu kwa kawaida humfikia Mkristo kwa Maandiko, kwa sala, kwa Roho Mtakatifu na kwa ushauri wa waamini wenzake, na akili aliyopewa haiwekwi kando.

Matendo ya Mitume 16 inaonyesha jinsi mambo hayo yanavyofanya kazi pamoja. Paulo na wenzake walikuwa na mpango wao: walikatazwa na Roho Mtakatifu kuhubiri Asia, yaani jimbo la Kirumi lililoitwa hivyo, si bara zima, wakajaribu kwenda jimbo la Bithinia, na Roho wa Yesu hakuwaruhusu. Hawakuelezwa sababu, lakini waliendelea kusafiri hadi Troa, na huko Paulo akaona katika maono usiku mtu wa Makedonia akiwasihi wavuke kuwasaidia. Ndipo wakayapima wote pamoja, wakaona hakika kwamba Mungu amewaita huko, wakapanda merikebu. Huko Filipi, mji wa Makedonia, Lidia, mwuza nguo za zambarau, aliamini na kubatizwa pamoja na nyumba yake. Na ni katika mji huohuo walioongozwa kwenda ndipo Paulo na Sila walipochapwa bakora na kufungwa miguu kwa mkatale.