Dhana potofu kuhusu tabaka na wajibu katika An Inspector Calls

"Ni hadithi ya kumsaka muuaji."
Katika tamthilia hii ya J. B. Priestley, inspekta anaijia familia tajiri ya akina Birling; kuna maiti, kuna picha inayotolewa mfukoni, basi msomaji anakaa macho akimsubiri muuaji. Hatampata. Msichana aliyekufa, Eva Smith, amejiua kwa kunywa dawa ya kuulia vijidudu, na mengi aliyotendewa na akina Birling yalikuwa halali. Mzee Birling alimfukuza kiwandani kwa kuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo. Wafanyakazi walidai shilingi 25 kwa wiki, wakati wakilipwa 22 na nusu. Sheila, binti wa Birling, alimfukuzisha kazi ya dukani kwa wivu. Ukimtoa Eric, mwana wa Birling, ambaye akiwa mlevi alimlazimisha Eva kulala naye kisha akaiba pesa za kampuni ya baba yake, polisi hawana wa kumshtaki. J. B. Priestley anaanzia pale sheria inapoishia.

"Iliandikwa 1912."
Hapana, 1912 ni wakati wa kisa tu. Ilionyeshwa kwanza katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1945, London mwaka uliofuata. Kwa hiyo Birling anaposema meli ya Titanic haiwezi kuzama na vita haitakuja, hadhira inajua kwamba yote mawili yalitokea.

"Inspekta akigundulika ni wa bandia, lawama imefutika."
Hapa ndipo wengi huteleza, na si ajabu, maana Gerald, mchumba wa Sheila, anajenga hoja kwa ustadi. Picha ilionyeshwa kwa mtu mmoja mmoja. Nani ajuaye kama ilikuwa ileile? Huenda ni wasichana tofauti. Birling anapumua na kuanza kutania. Lakini ifuate hoja hiyo mpaka mwisho: kama si binti mmoja aliyeonewa na watu watano, basi ni mabinti kadhaa, kila mmoja na aliyemwonea. Hilo ni nafuu kwa nani? Sheila na Eric wanaliona, wazazi hawataki hata kulisikia. Kilichomtesa Birling muda wote ni kashfa, maana anakitamani cheo cha "Sir".

"Matabaka ni mawili tu, matajiri na maskini."
Mtazame Birling mezani. Anasifu chakula cha mpishi, na mkewe, aliyetoka ukoo wa juu kuliko wake, anamkanya mbele ya mgeni. Baadaye anamnong'oneza Gerald habari za cheo hicho, kwa sababu anahisi Lady Croft, mama yake Gerald, angependa mwanawe aoe juu zaidi. Tajiri mwenye kiwanda, na bado anaomba kukubaliwa! Edna, mtumishi, yeye anaitwa na kuondoshwa tu.

"Eva ni mnyonge asiye na msimamo."
Hatumwoni jukwaani hata mara moja, ila aliongoza mgomo, na akiwa mjamzito alikataa pesa za Eric alipojua ni za wizi. Alipokwenda kuomba msaada kwenye chama cha hisani cha Bi. Birling, alidanganya jina na akajifanya ameachwa na mume. Alipobanwa akasema kweli: pesa alipewa, akazikataa kwa kuwa ziliibwa. Bi. Birling hakuamini kwamba msichana wa daraja lile anaweza kukataa pesa, akahakikisha ananyimwa msaada. Mwizi mwenyewe alikuwa mwanawe.